Majaribio ya umeme kwenye vyombo vya anga: maabara ya vifaa, setilaiti kubwa au kubesati?

Pini_ya_Saba:
Wakuu, habari za kazi. Nimesomea uhandisi wa umeme, nikafanya majaribio ya mitambo ya viwandani, na sasa nina nafasi tatu mezani. Ya kwanza ni maabara ya vifaa: unapima boksi mojamoja, kwa mfano lile la kugawa umeme, kabla halijafungwa kwenye chombo. Ya pili ni ukumbi wa kuunganishia setilaiti kubwa za mawasiliano. Ya tatu ni timu ndogo ya kubesati, yaani setilaiti ndogo sana, ambako mtu mmoja anachora saketi, analehemu na kupima. Malipo hayapishani sana. Ninachotafuta ni kuiva kwenye kazi. Mngechagua ipi?

Osiloskopu:
Nenda kwenye ukumbi mkubwa, mkuu. Setilaiti nyingi kubwa za mawasiliano zinatumia njia kuu ya umeme ya volti 50 au 100, na paneli zake zinazalisha kilowati kadhaa. Hapo pini mbili zikigusana kimakosa, kifaa kinaungua na ratiba nzima inasogea.

Ndiyo maana konekta, yaani plagi ya kuunganishia waya na kifaa, haichomekwi hivi hivi. Kwanza unaweka boksi la kupimia katikati ya waya na kifaa, lenye tundu kwa kila pini. Unapima ukinzani kati ya kila pini na fremu ya chombo, kisha kati ya laini ya umeme na ya kurudi. Ukiwasha upande wa chanzo, unahakikisha volti imetokea pale ilipoandikwa na si kwingine. Mmoja anasoma utaratibu kwa sauti, mwingine anapima, na mtu wa ubora anasimama pembeni akitia sahihi. Kila konekta ikichomekwa inaandikwa kwenye daftari lake, kwa sababu idadi ya kuchomekwa ina kikomo.

Wengine huona inachosha. Mimi naiheshimu sana, maana jicho la kupima unalipata hapo.

Dada_Fyuzi:
Nakubali kuhusu nidhamu, lakini kwenye mradi mkubwa unaweza kukaa muda mrefu ukishika mfumo mmoja tu. Kubesati, kwa kipimo kilichoanzishwa 1999, ni kijisanduku cha sentimita 10 kila upande. Ndani yake kuna betri, kompyuta, redio na paneli, na vyote utavijua.

Chukua jaribio moja ninalolipenda. Setilaiti hiyo inakaa imezimwa ndani ya kasha kwenye roketi, ikizuiwa na swichi zinazobonyezwa na kasha lenyewe. Ikitoka, swichi zinaachia, saa ya ndani inaanza kuhesabu, na antena hairuhusiwi kufunguka kabla ya dakika 30. Sasa jiulize: swichi ikitetemeka wakati wa kutoka, umeme ukakatika nusu sekunde, saa inaanza upya au inaganda? Betri ikiwa baridi na chaji imeshuka je? Hayo unayajaribu mwenyewe na kuyasahihisha mwenyewe.

Mikroampea:
Mbona maabara ya vifaa mnaipita kama haipo? Someni habari za WIRE, darubini ya NASA iliyorushwa Machi 1999. Ilipozwa kwa hidrojeni iliyogandishwa. Boksi la kulipua vifungo vinavyoshikilia kifuniko lilipowashwa, chipu yake ya udhibiti ilikuwa bado haijatulia kwenye hali inayojulikana, ikatoa amri isiyotakiwa. Kifuniko cha darubini kikaruka kabla ya wakati, joto likaingia, hidrojeni ikaisha ndani ya siku mbili. Kazi ya darubini ikafia hapo.

Kosa la namna hiyo linaishi kwenye milisekunde za mwanzo baada ya kuwasha. Ukipima boksi likiwa limeshatulia, hulioni. Na boksi likishafungwa ndani ya setilaiti, probu yako, ile ncha ya kupimia, haifiki tena pale. Anayeweza kulikamata kirahisi ni yule wa maabara, mwenye subira ya kulizima, kuliacha lilale, na kuliwasha tena.

Osiloskopu:
Hapo umenena, Mikroampea. Ila kuna na upande wa pili. Huygens, chombo cha kutua Titan, mwezi wa sayari ya Zohali, ilisafiri ikiwa imebebwa na chombo kikubwa, Cassini, tangu Oktoba 1997, na vifaa vyake vilikuwa vimefaulu majaribio yake. Mwaka 2000 Boris Smeds wa ESA, shirika la anga la Ulaya, alituma kutoka duniani ishara iliyoigiza mabadiliko ya masafa ya mawimbi ya redio ambayo yangesababishwa na mwendo wa chombo. Redio ya kupokelea ndani ya Cassini ikashindwa kusoma data. Ilibidi wabadili njia ya Cassini ili mwendo kati ya vyombo hivyo viwili upungue, na Huygens ikatua Titan tarehe 14 Januari 2005. Jaribio la mnyororo mzima, kwa ishara ya namna hiyo, halikuwa limefanyika kabla ya kurushwa.

Pini_ya_Saba:
Asanteni sana. Na zamu zikoje?

Dada_Fyuzi:
Chumba cha ombwe, kile kinachotolewa hewa ili kuiga hali ya angani, hakilali. Kikianza, setilaiti inapashwa na kupozwa mchana na usiku, na lazima mtu awepo. Jambo la kuzingatia: hewa inapotolewa, kuna shinikizo la kati ambapo volti kubwa hutoa cheche kwa urahisi kuliko kwenye hewa ya kawaida au ombwe kamili. Vifaa vya volti kubwa vinabaki vimezimwa mpaka mvuke na hewa vitoke.

Mikroampea:
Kabla hujajibu, waulize wote watatu: hitilafu ikitokea, nani anaifuatilia hadi chanzo chake? Wakisema mpimaji anaandika ripoti na kuwaachia wengine, kuiva kwako kutachelewa, hata kama ukumbi wao ni mkubwa namna gani.

Pini_ya_Saba:
Nimewauliza leo. Maabara wamesema mpimaji anakaa na mchoraji wa saketi mpaka chanzo kijulikane, na anafuatana na boksi lake hadi linapofungwa kwenye chombo. Nimewakubalia.

Osiloskopu:
Safi sana. Tutakutana ukumbini boksi likifika. Njoo na vipimo vyako vyote vya kuwasha, nami nitataka kuviona kabla sijachomeka.