Tupeane uzoefu: mwanamke akiwa ndani, nani anakuja kumwona?

Mama Wawili (Newala)

Wapendwa, naomba tupeane uzoefu, sisi tuliopitia mahabusu au kifungo na wenye ndugu waliopitia. Swali langu ni moja: ulipokuwa ndani, nani alikuja kukuona? Naanza mimi.

Nilikaa mahabusu miaka miwili na miezi minne kwa kesi ya mauaji. Haina dhamana. Kila wiki mbili mnapandishwa karandinga, mnafika mahakamani, mnaambiwa upelelezi haujakamilika, mnarudi. Marehemu alikuwa mume wangu. Mikorosho ilikuwa ya mama yangu, maana huku kwetu shamba hufuata upande wa mama, lakini kwenye chama cha msingi cha kuuzia korosho liliandikwa jina la mume na hela iliingia kwenye akaunti yake. Kupalilia mimi, kuokota mimi, kuanika mimi. Msimu ule nilimuuliza hela ya sare ya mtoto, naye ametoka kunywa uraka, pombe ya mabibo ya korosho. Alinipiga na mchi begani. Mkono huu mpaka leo haufiki kichwani, nikitaka kujitwisha ndoo lazima nisaidiwe. Alipounyanyua mchi mara ya pili nilimsukuma kwa nguvu zangu zote, akaangukia jiwe la kunolea.

Nilishakwenda kulalamika mara tatu kabla ya siku ile. Kwa mjumbe, kwa wazee wa ukoo wake, halafu kituoni. Kote niliambiwa mambo ya ndani yamalizwe ndani. Kumbe Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mila inaruhusu. Nilikuja kuisikia nikiwa mahabusu, nimesomewa na mwenzangu. Mahakama Kuu ilinitia hatiani kwa kuua bila kukusudia, jaji akazingatia muda niliokwisha kukaa, nikatoka.

Sasa siku za kuona ndugu. Upande wa wanaume foleni ya wake, mama na dada, na vyombo vya chakula vichwani. Upande wetu linaitwa jina moja, siku nyingine hakuna. Mimi mama alikuja mara mbili tu, nauli ilimshinda. Mara ya kwanza alileta ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini. Askari akaivunja mmoja mmoja kuangalia kama kuna kitu ndani, mama anatazama tu, kisha akavikusanya vile vipande na kunisukumia. Nilikula mpaka maganda.

Asha wa Chikundi

Pole sana dada yangu. Mimi ni kesi ndogo, kupika gongo, pombe haramu. Mtambo wa mume, mabibo tumeokota wote, lakini polisi walipoingia yeye alikimbilia porini, nikakutwa mimi nimeshika ndoo. Faini au miezi sita. Hela ya faini aliyekuwa nayo ni yeye. Hakuja hata siku moja. Niliporudi nilimkuta mwanamke mwingine amevaa khanga zangu. Sikumlaumu yule dada, alikuwa hajui hata kama nipo.

Mstaafu

Nilikuwa askari magereza, sasa niko Lindi nalima ufuta. Anachosema Mama Wawili kuhusu foleni ni kweli tupu, nimekiona miaka yote ya kazi yangu. Mwanaume akifungwa ukoo unamhesabia siku. Mwanamke akifungwa ukoo unagawana watoto wake.

Shida kubwa tuliyokuwa nayo ni vitu vya hedhi. Aliyeletewa na ndugu alikuwa nazo, asiyeletewa alichana khanga. Na mwenye pedi anakuwa bosi wa asiye nazo: anafuliwa, anakandwa miguu, anafanyiwa zamu yake. Sisi maaskari tulikuwa tunaona. Kwa hiyo mtu anapouliza nani alikuja kukuona, anauliza pia nani alikuwa mtumwa wa nani mle ndani. Kanuni za Bangkok kuhusu wafungwa wanawake, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2010, zinataka mwanamke apewe taulo za hedhi bure. Nawaambia wenye uwezo: mnapopeleka msaada gerezani, msipeleke sabuni peke yake.

Upande wa wanawake ulindwe na wanawake, na askari wa kiume asiingie bila kuongozana na askari wa kike. Zamu yangu tulilishika hilo. Lakini mwanamke kabla hajafika gerezani anapitia lokapu ya kituo cha polisi, na lokapu usiku funguo anaweza kuwa nazo mwanaume mmoja.

Nimechelewa Kusema

Sikutaka kuandika, ila sentensi hiyo ya mwisho imenitoa machozi. Nilikuwa na miaka 20, nimesingiziwa wizi na bosi wangu nyumba niliyofanya kazi za ndani. Usiku aliyekuwa zamu alifungua mlango akaniambia nikiwa mwelewa asubuhi nitatoka. Asubuhi nilitoka kweli. Miaka yote nimejiambia nilikubali mwenyewe. Hakuna aliyekuja kuniona, na ningemwambia nani?

Mama Wawili (Newala)

Mdogo wangu, hukukubali. Yule mwenzangu aliyenisomea sheria alinionyesha na hii: kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kilivyoandikwa upya na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kinamtaja waziwazi mwenye mamlaka anayetumia nafasi yake, na kinamtaja mfanyakazi wa mahali pa kizuizi. Adhabu si chini ya miaka 30. Ukiwa tayari, na si lazima uwe leo, kaongee kwanza na mtu wa msaada wa kisheria, siku hizi wapo mpaka wilayani. Usiende peke yako.

Na niseme la binti mmoja niliyelala naye. Alishtakiwa kwa mauaji ya kichanga chake, mimba ya mtu wa ndani ya ukoo, amejifungulia shambani peke yake. Wiki ya kwanza maziwa yalikuwa yanamtoka, khanga inalowa kifuani, naye anaificha kwa mikono kama amefanya kosa jingine. Bibi mmoja alimkalisha, akamshikia bakuli, akamkamua taratibu huku anamwimbia. Kuna kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu kwa mama ambaye akili yake haijatulia kwa sababu ya kujifungua, anaadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Lakini hati yake ilisomeka mauaji, na yule mwanaume wa mimba hakuitwa hata kama shahidi. Ndiye aliyekuwa anapokea wageni msibani.

Kaka wa Nachingwea

Mimi ni mwanaume, naomba mnivumilie. Kaka yangu alifungwa miaka miwili, nilikuwa naenda kila mwezi, mama anachinja kuku. Dada yetu yuko ndani mwaka wa tatu sasa. Wazee walisema ametutia aibu, nami nikanyamaza. Nimesoma hapa toka saa mbili usiku. Nikienda nibebe nini?

Mama Wawili (Newala)

Pedi, nguo za ndani, sabuni, mafuta ya kupaka, kandambili. Kitambulisho chako, na ujue jina lake lote kama lilivyoandikwa mahakamani. Chakula ulizia getini kwanza, mahabusu na mfungwa utaratibu wao si mmoja. Fika mapema. Akilia mwache alie, usimuulize mambo ya kesi. Mpe habari za watoto wake: nani anaishi na nani, nani ameota meno, nani yuko darasa la ngapi.

Kaka wa Nachingwea

Nimeandika yote kwenye karatasi. Ya kandambili sijui anavaa namba ngapi. Namuamsha mama nimuulize.