Tupeane uzoefu: Muvi ya maharamia na ile diski ya pili, watu wa mwisho wa reli, Kigoma, mliionaje?

Mwisho wa Reli (mleta mada)

Wakuu, salaam. Juzi nimewakalisha watoto hapa Mwanga tukaangalia Pirates of the Caribbean, ile ya kwanza ya 2003 aliyoiongoza Gore Verbinski, Johnny Depp akiwa Jack Sparrow. Shemeji yangu aliwahi kuniletea dividii orijino kutoka Dar, ile ya diski mbili. Muvi ilipoisha watoto wakainuka wakalale, nikawaambia kaeni, bado kuna diski ya pili. Basi ndugu zangu, hawajaacha kuizungumzia hiyo ya pili! Muvi yenyewe wameshaisahau: mazungumzo ni waigizaji wanaokosea maneno na kuangua kicheko, vipande vilivyokatwa, na namna meli ilivyopatikana.

Sasa sisi wengi tulikulia kwenye mabanda ya video, na diski za kuchoma hazikuwa na hayo mambo. Nani aliwahi kuziona nyongeza? Na aliyeiona muvi bandani tu, alielewa nini? Lete stori yako mwenyewe, za kuhadithiwa na jirani hatutaki.

Karabai

Mleta mada umenigusa. Mimi ni mvuvi wa Katonga na muvi hii niliiona bandani Ujiji, siku za mbalamwezi. Wasiojua: mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaivamii taa, kwa hiyo tunapumzika. Ndizo siku banda linajaa mpaka watu wanakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, harufu ya dagaa na jasho humo ndani usiseme.

Halafu muvi yenyewe inahusu mwezi! Barbossa, nahodha wa maharamia, na wenzake wameiba dhahabu ya Waazteki, vipande 882, wamelaaniwa, na mwanga wa mwezi ukiwapiga wanageuka mifupa. Banda zima la wavuvi waliokimbia mwezi likanyamaza. Kuna mzee mmoja alitoka nje, akaangalia juu, akarudi kukaa. Tulicheka mpaka DJ, yule anayeitafsiri muvi kwa Kiswahili, akasimamisha mkanda.

Huyo DJ naye alikuwa balaa. Barbossa muda wote anatamani kula tufaa, maana laana imemwondolea ladha ya chakula. DJ akaona tufaa litatupita kushoto, akaligeuza embe. Kwa hiyo mimi miaka yote nilijua yule jamaa anakufa na embe dodo la kijani mkononi.

Nyongeza nimeziona ukubwani kwa rafiki yangu. Kuna sehemu wanaichambua ile sini ya mifupa hatua kwa hatua: mchoro kwanza, kisha waigizaji wenyewe na nguo zao, halafu watu wa kompyuta wa Industrial Light & Magic wanaweka mifupa palipokuwa na mtu. Niliirudia hiyo sehemu kuliko muvi yenyewe. Hofu iliisha, ila heshima kwa wale mafundi ikapanda.

Binti wa Gungu

😂😂 Embe! Sasa ngoja niwape ya kwetu.

Sisi nyumbani tulikuwa na deki, na kaka alikuja na dividii nzuri. Mdogo wangu akachezea rimoti, akabonyeza kitufe cha sauti. Ghafla muvi inaendelea lakini kuna watu wawili wanaongea juu yake, wanacheka, hawamalizi. Kumbe tumeingia kwenye sauti ya maelezo: Keira Knightley, yule Elizabeth, na Jack Davenport aliyecheza Norrington, wamekaa wanaiangalia muvi yao wenyewe na kuisema. Mama alikuwa anachambua mchele, akasikiliza kidogo, akasema, "Kumbe na Wazungu wana DJ wao."

Na ni kweli! Kwa sisi tuliokulia kwenye mikanda iliyotafsiriwa na DJ Lufufu, mtu kuongea juu ya picha wala hakutushangazi. Tofauti ni kwamba DJ wetu anaongeza chumvi, hawa wanaipunguza. Keira alikuwa na miaka 17 tu walipokuwa wanapiga picha. Ile sini ya korseti, anabanwa mpaka anakosa pumzi na kudondoka baharini, sikuiangalia tena kwa macho yaleyale. Mtoto wa form four yule jamani!

Verbinski na Depp nao wana maelezo yao kwenye diski hiyohiyo. Sikuyamaliza, Kiingereza chao kinakimbia.

Ishirini kwa Moja

Nyie matajiri. Yangu ilikuwa CD ya muvi ishirini, ikifika katikati inaganda, unaitoa unaifuta na kanga ya mama unarudisha. Ilikuwa imerekodiwa kwa siri ndani ya sinema, kwa hiyo nyongeza pekee niliyopata ni kivuli cha mtu anayepita mbele ya kamera kwenda chooni. Muvi ya maharamia, diski ya maharamia, mambo yakaenda sawa.

Asali Mbichi

Hodi kutoka Tabora. Huku ziwa hatuna, tuna maembe na treni, lakini muvi tuliiona na sisi.

Mimi nilichopenda ni panga. Lile pambano la Jack na Will, yule kijana mhunzi, kwenye karakana yake, wanapanda mpaka juu ya mbao za dari, ndilo lililotufanya tuvunje matawi ya miembe ya watu mtaa mzima. Nilipokua nikafuatilia nikakuta mwalimu wao wa upanga alikuwa Bob Anderson. Mzee huyu aliiwakilisha Uingereza kwenye Olimpiki ya Helsinki 1952, akafanya kazi na Errol Flynn, steringi wa zamani wa muvi za upanga, na ndiye aliyekuwa ndani ya vazi la Darth Vader kwenye mapigano ya upanga ya The Empire Strikes Back na Return of the Jedi, zile muvi za Star Wars. Ndiyo maana mikono ya wale vijana inaeleweka. Angalia muvi nyingi za siku hizi, kamera inatikiswa ili usione kwamba steringi hajui kushika upanga.

Kwenye nyongeza unawaona wanafanya mazoezi na nguo za kawaida, wanakosea, wanarudia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ule ni mchezo wa hatua kama ngoma, kila mtu anajua mwenzake atakanyaga wapi.

Babu Gati

Vijana, shikamooni hazijaonekana humu, lakini nasamehe.

Mimi nimestaafu kazi za bandarini. Mjukuu alinionyesha diski hiyo na kilichonikalisha ni habari ya meli. Ile Interceptor wanayoiiba akina Jack ni meli ya kweli, jina lake Lady Washington, imejengwa kwa kuiga ya zamani na ikaingia majini mwaka 1989 huko Aberdeen, jimbo la Washington. Diski ina shajara ya safari yake, mabaharia wanaipeleka mpaka kisiwa cha Saint Vincent kulikopigwa picha. Kamba, matanga, watu wanatapika, deki inasuguliwa. Nilitazama yote. Black Pearl nayo, ile meli nyeusi mnayoiogopa, kwenye muvi hii ya kwanza ilijengwa juu ya tishari. Haikuwa na uwezo wa kwenda popote peke yake.

Sasa niwaulize. Nyie mnaishi na Liemba hapo gatini, mmewahi kuwasimulia watoto wenu? Imejengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande, ikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaunganishwa hapahapa Kigoma ikashushwa ziwani 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi ili adui asiipate, lakini injini waliziloweka grisi kwanza. Waingereza wakaiopoa 1924, ikaanza kazi kama Liemba 1927. Hiyo ndiyo meli iliyompa C. S. Forester wazo la riwaya yake ya 1935, The African Queen, iliyokuja kuwa muvi 1951. Hakuna Jack Sparrow anayefikia hapo. Inayokosekana ni diski ya pili tu.

Karabai

Shikamoo babu. Hiyo ya grisi sikuijua.

Mtu wa Kibirizi

Mimi niseme kidogo, msinichukie. Nafanya biashara ya kuvuka ziwa. Tuliwahi kuvamiwa usiku, wakachukua injini na mizigo, wakatuacha tunaelea mpaka boti nyingine ikatuona asubuhi. Kwa hiyo watu wakicheka na haramia anayeyumba kama amelewa, mimi huwa nachelewa kucheka.

Lakini muvi nimeiangalia, na nitasema ukweli, nimeipenda. Kwenye nyongeza kuna sehemu ya historia, unaingia chini ya meli unachagua chumba, wanakueleza maharamia wa kweli waliishi vipi: njaa, magonjwa, kukatwa viungo, kunyongwa. Hiyo sehemu wangeiweka ndani ya muvi. Basi.

Binti wa Gungu

Pole sana kaka yangu. Mungu alisimama.

Mwisho wa Reli (mleta mada)

Pole sana, Mtu wa Kibirizi. Na babu, shikamoo, marahaba yako naisubiri.

Niongeze moja ambayo watu wa bandani nadhani wote iliwapita. Majina yakianza kupanda DJ anazima, maana kundi lingine liko mlangoni na hela mkononi. Majina yakishaisha yote, yule tumbili anarudi pangoni, anaokota kipande cha dhahabu, anageuka mifupa na kuirukia kamera. Mwanangu wa mwisho alitupa kikombe.

Na mnaotaka kuwaonyesha vijana: kijana wa kibandani akikuwekea kwenye flashi anakupa muvi peke yake, nyongeza hana na wala haulizwi. Tafuteni diski.

Ishirini kwa Moja

Mkuu, hiyo ya pili inaazimishwa? Niko Mji Mwema, deki ninayo.

Mwisho wa Reli (mleta mada)

Ile inayofutwa na kanga? Njoo uangalie hapa kwangu.