Mrejesho: Nimeipata klabu ya bangi karibu na mji wetu, Ujerumani

Ndugu zangu, niliuliza namna mkazi wa mji mdogo wa jimbo la Niedersachsen anavyoweza kupata klabu ya wakulima wa bangi, yaani chama kinacholima bangi kwa pamoja na kuwagawia wanachama wake, ilhali hapa hakuna bango wala tangazo. Kumbe ukimya huo unatokana na sheria yenyewe, kwani vyama hivi, vilivyoanza kuomba leseni Julai 2024, vimekatazwa kujitangaza. Ushauri wenu wa kuulizia kwenye maduka ya mbolea na taa za kukuzia mimea ndio ulionisaidia: muuzaji wa mji jirani alinielekeza kwa katibu wa klabu.

Katibu alikagua kitambulisho changu pamoja na uthibitisho wa makazi, kwa kuwa mwanachama lazima awe ametimiza miaka 18, awe ameishi Ujerumani angalau miezi 6, na asiwe katika klabu nyingine. Mgawo wa bangi kwa mwanachama hauzidi gramu 25 kwa siku na 50 kwa mwezi, ila wasiofikisha miaka 21 hupewa 30 tu kwa mwezi. Kuvuta pale klabuni ni marufuku. Anayetafuta kijiwe atavunjika moyo.

Jambo nililolipenda ni kwamba mwanachama hushiriki kilimo. Nimeshapangiwa zamu ya kupogoa majani ya chini na kupima unyevu wa udongo, kazi ambayo, kusema kweli, inanivutia kuliko mgawo wenyewe. Mavuno ya kwanza bado, na kila pakiti itabandikwa lebo ya uzito, aina na tarehe ya kuvunwa.