Kipandauso na tumbo vimenikamata kwa pamoja, naombeni ushauri wa vyakula

cherehani_moro: Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, miaka 38, nipo Morogoro. Kipandauso ninacho tangu sekondari, upande wa kushoto, mara moja au mbili kwa mwezi. Nalala gizani kinapita. Tangu Septemba kinakuja karibu kila siku. Juu yake tumbo: kiungulia, chembe ya moyo inawaka, nikila natapika. Jana nimeshindwa hata kutunga uzi kwenye sindano kwa ule mwanga wa taa. Niache vyakula gani? Hospitali msiniambie kwanza, nina oda ya sare na shule zinafunguliwa wiki ijayo.

Mzee wa Mgeta: Pole binti. Acha maharage na pilipili. Mke wangu aliumwa kichwa miaka sita, kumbe alikuwa anashinda njaa sokoni akiuza nyanya. Nikamwambia, mama, uji kwanza nyanya baadaye. Mwaka ule nyanya zenyewe zilitudodea, debe tulikuwa tunaligawa bure, lakini kichwa kilipungua.

Tunu ya Bwana: Kuna mtu hujamsamehe. Kaa chini, mpigie simu leo.

nesi_wa_zamu: Pole dada. Kipandauso kinaweza kuleta kichefuchefu chenyewe, kwa sababu kikianza tumbo linachelewa kusukuma chakula. Ila kiungulia cha kila siku ni habari nyingine. Unameza dawa gani ya maumivu, na mara ngapi?

cherehani_moro: Za kawaida tu za duka la dawa, mara mojamoja. Tusitoke kwenye swali jamani. Kuna mama ameniletea unga wa mizizi, nimeshalipa nusu, elfu ishirini. Naweza kuuchanganya na uji?

Juma Stendi: Sasa nimeelewa kwa nini fundi wangu alinitolea suruali mguu mmoja mfupi. Naye alikuwa na kichwa.

nesi_wa_zamu: Hizo za kawaida zina jina. Litaje.

cherehani_moro: Diklofenaki. Asubuhi kimoja, usiku kimoja, kazi ikibana na cha mchana. Lakini nameza nikiwa nimeshiba! Na nikiruka siku moja kichwa kinarudi maradufu, kwa hiyo inanisaidia. Wanangu wanakula kwa hii mashine, nifanyeje?

nesi_wa_zamu: Kurudi huko ndiko kunakonitisha. Dawa za jamii hiyo ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, ikapita miezi 3, zenyewe zinageuka kuwa chanzo cha kichwa. Na ndizo zinazochimba vidonda vya tumbo, hata ukiwa umeshiba, maana zinapunguza ute unaolinda ukuta wa tumbo. Parasetamoli ni nafuu kwa tumbo, ila ukiimeza siku nyingi hivyo nayo inaleta kichwa kilekile. Zipo dawa za kuzuia kipandauso kabla hakijaanza, kama propranololi au amitriptilini. Anayechagua ni daktari. Mwenye pumu, kwa mfano, hapewi propranololi. Sasa nijibu: choo chako kina rangi gani?

Kamanda wa Mindu: Chai hii. Nyuzi hizi nazijua. Leo mgonjwa anataja unga, kesho anatokea mwingine kapona kwa unga huohuo, keshokutwa namba ya simu. Wasimamizi fungeni.

Juma Stendi: Na kweli, ameulizwa choo kimya.

Mzee wa Mgeta: Binti, kama ni biashara sema. Nimekuombea hapa.

cherehani_moro: Mnaniita tapeli nimeshika kichwa kwa mkono mmoja! Haya. Choo ni cheusi tangu Jumamosi. Cheusi kama lami, kinanata, kinanuka vibaya sana. Mama wa unga kasema ni uchafu unatoka, nikaamua kumwamini. Leo nimeinuka kwenye mashine nikaona giza, nikashika meza. Mama yangu mzazi aliingia wodini kwa tumbo hakurudi nyumbani. Ndiyo maana sikutaka kusema.

nesi_wa_zamu: Pole mdogo wangu. Unatumia vidonge vya kuongeza damu? Hivyo navyo vinatia weusi.

cherehani_moro: Hapana.

nesi_wa_zamu: Basi hiyo ichukulie kuwa ni damu inavuja tumboni, na ukiona giza ukisimama maana yake inaweza kuwa imepotea nyingi. Usisubiri kuche. Nenda mapokezi ya dharura sasa hivi, na mtu wa kukushika. Diklofenaki usiguse, unga usiguse. Beba karatasi zote za vidonge ulizomaliza, wazione.

Kamanda wa Mindu: Dada nisamehe. Nina bajaji, nipo Msamvu. Niambie nikufuate wapi.

Tunu ya Bwana: Watoto wana wa kulala nao?

cherehani_moro: Wapo na shangazi yao. Jirani ananipeleka, asante Kamanda. Sare sita bado hazina vifungo.

Mzee wa Mgeta: Vifungo vitashonwa. Nenda mwanangu.

nesi_wa_zamu: Umefika?

nesi_wa_zamu: Dada, tuandikie hata neno moja.

cherehani_moro: Nimefika. Wamenitoa damu ya kupima, nimetundikiwa dripu. Daktari anataka nipigwe kipimo cha kamera tumboni. Nimempa nesi wa hapa zile karatasi za vidonge, kazihesabu mbele yangu. Za mwezi huu peke yake ni nane.