RAM zinaibwa kwenye CPU za maabara: kufuli, stika au kizimba?

Mwl_Maabara: Habari wakuu. Maabara yetu ya shule ina kompyuta 20 za mtumba, Dell OptiPlex. Wiki iliyopita mashine 3 zimekuwa nzito ghafla. Kufungua, kila moja imebaki na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 badala ya 8. Mtu kachomoa kijiti kimoja, karudisha mfuniko vizuri kabisa, hata vumbi halikufutika. Mlango haukuvunjwa. Roho imeniuma, vijana wa kidato cha nne wana mtihani wa vitendo. Nichague nini kwa bajeti ndogo?

FundiBisibisi: Pole mwalimu. Angalia nyuma ya CPU: OptiPlex nyingi zina kipete cha chuma kilichochomoza. Hapo ni pa kufuli. Likishapita, mfuniko hautoki. Nunua moja kwanza ujaribu. Mimi niliwahi kubeba 10 kwa pamoja, upinde wake ukawa mnene, hakuna lililoingia. Lile tundu la milimita 7 kwa 3 ni la Kensington, waya wa kufungia mashine mezani. Huo kazi yake kubwa ni mtu asibebe mashine nzima.

Nasra_Stationery: Stika za muhuri mimi zilinishinda. Ukizipasha kwa drai ya nywele zinabanduka nzima nzima. Sasa natumia rangi ya kucha yenye vimetameta. Natona tone juu ya skrubu, likikauka napiga picha kwa karibu. Vimetameta hulala ovyo, kila kimoja upande wake; hakuna wa kuvipanga tena vilevile. Kila Jumatatu nalinganisha na picha. Mbinu hii Eric Michaud na Ryan Lackey waliieleza Hamburg mwaka 2013, kwenye Chaos Communication Congress, mkutano wa wadukuzi.

FundiBisibisi: Dada Nasra, OptiPlex nyingi hufunguka kwa kuvuta lachi tu, skrubu hakuna. Atone wapi?

Nasra_Stationery: Kwenye mshono, nusu kwenye mfuniko nusu kwenye mwili wa kasha. Ila kila akipuliza vumbi lazima atone upya na apige picha nyingine.

Chumba_cha_Seva: Mwalimu, unacho kitu cha bure. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), tafuta Chassis Intrusion, yaani onyo la kasha kufunguliwa, washa. Kama kiswichi chake kipo ndani ya kasha, mfuniko ukitoka kinaachia, na mashine ikiwashwa inaleta onyo. Inakumbuka hata waya wa umeme ukiwa umechomolewa, maana inategemea betri ya CR2032. Weka na nenosiri la BIOS, la sivyo mwizi atalifuta onyo mwenyewe. Lakini nenosiri hilo huondolewa kwa jampa, kiunganishi kidogo kwenye ubao ndani ya kasha, kwa hiyo kufuli linabaki kuwa la kwanza.

Mzee_wa_Kafe: Kizimba nilichomelewa, ghali, na fundi akaziba nyuma kwa bati. Joto la Februari hapa Dar, mashine zikawa zinajizima mchana. Tukatoboa upya. Mwalimu, mlango haukuvunjwa: funguo unazo wewe na nani?

Mwl_Maabara: Watu 4, mzee. Nimegeuza CPU zote leo, 17 zina kipete, na kufuli la majaribio limeingia. Zile 3 zisizo nacho nazihamishia kwenye kabati la chuma ofisini mpaka mtihani upite. Onyo la BIOS nawasha kote leo usiku, na funguo za kufuli nakaa nazo mimi.