Asali imepimwa maabara, sukrosi imezidi. Nimjibu nini mteja?

Mchuja_Asali
Habari zenu wakuu. Nanunua asali kwa warina asali wa Sikonge, Tabora, nachuja na kuuza kwa ndoo. Mteja wa nje alitaka ripoti ya sukari. Kwa kila gramu 100: fruktosi 37.2, glukosi 29.8, sukrosi (ndiyo sukari ya kawaida ya dukani) 7.1. Maji asilimia 22. Sasa ananiambia nimechakachua! Kiberiti kilichochovywa kiliwaka, na kwenye glasi ya maji ilizama bila kutawanyika. Naombeni ushauri.

Mzee wa Vipimo
Kiberiti na glasi achana navyo mkuu, hata shira nzito inazama. Kwa kiwango cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula), fruktosi na glukosi kwa pamoja zisipungue gramu 60. Una 67, hapo umepita. Sukrosi kwa asali nyingi mwisho 5, maji mwisho asilimia 20. Vyote viwili kuzidi kwa pamoja kunanifanya nihisi asali imerinwa mbichi. Nekta (maji matamu ya maua) huja na sukrosi, kimeng'enya cha nyuki ndicho kinachoivunja kuwa glukosi na fruktosi, huku wakipunguza maji kwa kupepea. Masega yasiyofunikwa nta yakikamuliwa, kazi imeishia njiani.

kijana_wa_mjini
Sema ukweli, umeweka kilo ngapi? 😂

Mchuja_Asali
Sijaweka hata kijiko. Ila wauzaji wangu siwezi kuwaapia.

Mama Nta
Basi pima ndoo za kila muuzaji peke yake, usichanganye kwanza. Na usiichemshe kupunguza maji, HMF (kemikali inayoongezeka asali ikipata moto) itapanda, utaletewa kesi nyingine.

Mzee wa Vipimo
Mama kasema kweli. Ripoti uliyonayo inataja kiasi cha sukari, haisemi imetoka kwenye ua au kwenye mfuko. Omba kipimo cha isotopu za kaboni (atomi za kaboni zenye uzito tofauti). Miwa na mahindi ni mimea ya C4, yaani kundi linalotengeneza sukari kwa njia yake, na kaboni yake ni tofauti na ya miti ya miombo. Sukari ya C4 ikizidi asilimia 7, umechakachuliwa. Shira ya mchele au ya kiazisukari haikamatwi hapo, lakini nani huku ataihangaikia wakati sukari ya miwa iko dukani?

Mchuja_Asali
Shukrani wakuu. Ndoo tatu bado hazijachanganywa, nazipeleka hizo kwanza. Gharama ya isotopu ikoje, kuna anayejua?