MREJESHO: Fomu ya upasuaji ya dada yangu kiziwi

Wakuu, niliuliza kama ni sawa daktari kunisainisha mimi fomu ya upasuaji wa dada yangu kiziwi, mtu mzima mwenye akili timamu. Mlionielekeza kwenye ibara ya 25 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu (2006), inayotaka ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, asanteni. Niliichapisha nikampelekea msimamizi wa wodi. Akasoma kimya, akavua miwani. Kesho yake akaja mkalimani wa lugha ya alama. Dada akauliza maswali mpaka basi, na akaomba dripu isiwekwe mkono wa kulia, ndio anaoongelea (mimi wala sikuwaza!). Fomu yangu ikachanwa, akasaini mwenyewe. Upasuaji ni Alhamisi.